Aliyebonyeza Ndiyo

Rodi Kopany ni njia panda. Barabara itokayo Rongo, kaunti ya Migori, hupita hapo ikielekea mjini Homa Bay, na nyingine hukata kwenda Ndhiwa na kuendelea hadi ufuo wa ziwa upande wa Karungu. Mahali pa namna hiyo hapakosi saiba. Mkulima wa miwa anayetaka kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, msichana aliyemaliza kidato cha nne na sasa anaomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mwalimu mwenye mtihani wa kuchapa, karani wa kikundi cha wavuvi aliyebeba katiba iliyoandikwa kwa mkono: wote huketi kwenye benchi moja wakisubiri mashine iwe wazi. Wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Mwenye saiba ndiye mwandishi wao na mtunza nyaraka wao, na mara nyingi ndiye pekee anayekumbuka nenosiri la akaunti zao za serikali.

Mwenye saiba nitakayemsimulia ni mtu wa mfano. Nimemjenga kwa mambo yanayowapata watu wa kazi yake, na simpi jina kwa sababu hakuna mmoja aliyepatwa na yote kwa mfuatano huu. Lakini programu iliyomwangusha ni ya kweli. Ina jina, tabia zake zimechunguzwa na kuandikwa, na njia iliyopitia inaweza kupitika katika saiba yoyote kuanzia Mbita hadi Isebania.

Alikuwa na kompyuta tano za mtumba, zile zinazoletwa kutoka Ulaya ofisi za huko zikishazichoka, printa mbili na mashine ya laminesheni. Kompyuta zote zilitumia Windows 10, zikiwa na diski za kuzunguka za zamani na kumbukumbu ya gigabaiti nne tu. Asubuhi akishaziwasha aliweza kufagia duka lote na kuchemsha chai kabla skrini haijatulia. Mteja akimwambia, "Omera, mashine yako imelala," aliumia kweli, kwa kuwa kazi yake aliipenda na alitaka isifiwe. Hapo ndipo alipoanza kutafuta vijiprogramu.

Ninavyoviita vijiprogramu ni zile programu ndogo ambazo mtu huziongeza juu ya mfumo wa kompyuta ili auendeshe apendavyo. Havikuandikii barua wala havikufanyii hesabu. Kazi yake ni kuigeuza kompyuta yenyewe. Kimoja huhamisha mstari wa chini wa skrini kuupeleka juu, kingine humzuia mteja kubadilisha picha ya nyuma, kingine huhesabu dakika za mteja na kufunga skrini muda wake ukiisha, kingine huahidi kufagia taka za ndani ili mashine iende mbio. Mara nyingi faili la kusakinishia halizidi megabaiti chache. Unalipakua kwa bando la shilingi ishirini na bado unabakiwa na bando.

Alianza vizuri. Alisakinisha AutoHotkey, chombo kilichopo tangu 2003, akakipangia kwamba akiandika herufi tatu fulani, anwani nzima ya barua ya harambee itokee yenyewe, pamoja na salamu za mwanzo na nafasi ya sahihi ya chifu. Akasakinisha PowerToys, vyombo ambavyo Microsoft ilivitoa mara ya kwanza enzi za Windows 95 na kuvifufua 2019, navyo hutolewa bure. Ndani yake kuna kimoja cha kupunguza ukubwa wa picha nyingi kwa pamoja. Yeyote aliyewahi kuhangaika na picha ya pasipoti inayokataliwa na tovuti ya serikali kwa kuwa ni kubwa mno anajua thamani ya chombo hicho. Foleni ya wateja wake ilipungua, na sifa ya duka ikafika hadi Rangwe.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Vijiprogramu vina historia ya heshima. Mwaka 1982 Peter Norton alitoa mkusanyo wake wa vyombo vya kompyuta za IBM, na kile kilichompatia jina kilirudisha mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya, jambo ambalo mfumo wenyewe haukuliweza. Mwaka 1996 Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianza kugawa bure vyombo vidogo vilivyomwonyesha mtu kinachoendelea ndani ya Windows yake: ni programu zipi zinaendeshwa, zipi hujiwasha kompyuta inapowaka, zipi zinaligusa faili gani. Tarehe 31 Oktoba 2005 Russinovich aliandika kwamba kwa kutumia kimojawapo cha vyombo hivyo alikuta katika kompyuta yake programu iliyojificha, akaifuatilia hadi kwenye sidii ya muziki aliyoinunua kihalali, iliyotolewa na Sony BMG. Kampuni ile kubwa ilikuwa imeweka ndani ya sidii zake programu ya kuzuia watu kunakili nyimbo, tena ikaificha hata mwenye kompyuta asiione. Kelele zilizofuata zikailazimisha Sony BMG kuziondoa sidii hizo sokoni. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua kampuni ya Russinovich na Cogswell, na vyombo vyao vinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft hadi leo.

Naikumbusha habari hiyo kwa sababu inaonyesha kazi ya chombo kidogo kilicho chema: humwongezea mwenye mashine uwezo wa kuona. Mtu wetu wa Rodi Kopany aliendelea kutafuta vyombo vingine, na kila alichokipata baada ya hapo kilimwongezea pambo au ahadi. Akaweka saa ya kuzunguka kwenye kona ya skrini. Akaweka kingine cha kuifanya Windows ifanane na Mac. Akaweka cha kutafuta draiva mpya, ingawa Windows hujitafutia draiva zake. Kila kimoja kilijiwasha pamoja na kompyuta na kumega sehemu ya kumbukumbu ile ndogo, kwa hiyo mashine zikazidi kuwa nzito, naye akazidi kutafuta dawa ya uzito.

Akakutana na kijiprogramu cha kuongeza kasi. Toleo la bure lilikagua kompyuta na kumwonyesha makosa mamia kwa mamia, kwa rangi nyekundu, mengi yakiwa katika rejista ya Windows. Rejista ni hazina ambamo mfumo huweka mipangilio yake na ya programu zote. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, ikapanuliwa sana katika Windows 95. Ni kweli kwamba humo hubaki maandishi ya programu zilizokwisha kuondolewa, lakini maandishi hayo hayaipunguzii kompyuta mwendo kiasi cha mtu kuhisi. Microsoft imesema wazi kwamba haiungi mkono vijiprogramu vya kusafisha rejista, kwa kuwa vikifuta kisichopaswa kufutwa mfumo wenyewe unaweza kukataa kuwaka. Ugonjwa wa mashine zile ulikuwa diski. Ukitoa ile ya kuzunguka na kuweka SSD, hata ndogo, kompyuta ya mtumba hufufuka. Lakini diski mpya mtu huinunua dukani kwa pesa taslimu, na rangi nyekundu ilikuwa mbele ya macho yake usiku ule.

Kurekebisha makosa kulihitaji toleo la kulipia, tena kwa dola, tena kwa kadi ya benki. Hapa sitamhukumu haraka. Ukurasa mmoja wa kuprinti ni shilingi kumi. Kutoa leseni ya programu kwenye shilingi kumi kumi za kurasa, baada ya kodi ya duka, stima na bando, si jambo dogo. Ndivyo watu wengi waaminifu wa kazi hii wanavyojikuta wanatumia Windows iliyowashwa bila leseni na programu za ofisi zilizovunjwa kufuli, na hakuna anayewaona kuwa wezi, kwa kuwa kila saiba jirani inafanya vivyo hivyo. Akatafuta toleo lililovunjwa kufuli. Akalipata upesi. Vitu vya namna hiyo havifichwi, hupangwa njiani ili vionekane.

Kurasa zenye vitu hivyo zina desturi moja, na anayeijua anaweza kuitambua mapema. Vitufe vya kupakua huwa vingi, na kila kimoja kinakupeleka pengine. Faili lenyewe huja limefungwa kwa nenosiri, na nenosiri limeandikwa pale pale kando yake. Mtu hujiuliza, kwa nini ulifunge kisha unipe funguo? Jibu ni kwamba programu ya kuzuia virusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa kwa nenosiri. Kisha huja agizo la kuzima programu ya kuzuia virusi kabla ya kusakinisha, "kwa sababu huwa inakosea na kuita programu hii virusi." Mtu wetu alilisoma agizo hilo na kulitii. Alikuwa amelitii mara nyingine huko nyuma, na hakuona lolote baya likitokea.

Ilikuwa Jumatano jioni. Mezani kulikuwa na kazi ya familia moja iliyokuwa imefiwa na mama. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na watu wa huku wanajua maana ya kile kijitabu cha mazishi, chenye wasifu wa marehemu, orodha ya watoto na wajukuu, nyimbo, na picha tangu ujana wake hadi siku za mwisho. Watu hukihifadhi miaka mingi. Mwana wa marehemu alikuwa amekuja na kadi ya simu ya mama yake. "Kaka, picha za mama ziko humu zote. Chagua zilizo nzuri." Mwenye saiba alizihamishia kwenye kompyuta kubwa ya kaunta, akazikata badala ya kuzinakili, kadi ikarudi tupu. Kila aliposogeza picha kwenye ukurasa, mashine iliganda. Vitabu mia mbili vilitakiwa Alhamisi jioni. Akaona heri aiongezee mashine kasi kwanza.

Dirisha likajitokeza likimuuliza kama anaruhusu programu ile ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yake. Swali hilo Windows ilianza kuliuliza katika Vista, mwaka 2007, na tangu hapo watu wamelizoea kiasi cha kulijibu kabla hawajalisoma. Akabonyeza Ndiyo.

Kinachotolewa kwa Ndiyo hiyo ni mamlaka ya msimamizi. Programu ndogo na programu kubwa hupewa mamlaka yale yale. Mtu aliyekuja kupaka rangi mlango amekabidhiwa funguo za nyumba nzima, na hakuna anayebaki nyuma kumwangalia anaingia chumba gani. Programu yenye mamlaka hayo inaweza kuzima ulinzi, kujipangia saa za kujiwasha, kubadilisha mafaili ya mfumo. Tena katika saiba ile kompyuta zote zilikuwa na akaunti moja tu, ya msimamizi, isiyo na nenosiri, na ndiyo iliyotumiwa na mwenye duka, na mteja wa kuandika barua, na mtoto aliyekuja kucheza gemu.

Likatokea dirisha jingine la Windows likisema mfumo unasasishwa, asizime mashine. Alifurahi. Alidhani dawa imeanza kufanya kazi, akatoka kwenda kula. Dirisha lile lilikuwa la bandia. Wachunguzi wa usalama wa kompyuta wamelieleza: ni pazia ambalo programu iitwayo STOP, au Djvu kwa jina lake jingine, hulitandaza wakati inafunga mafaili ya mtu moja baada ya jingine. Programu hii imekuwa ikizunguka tangu 2018. Nyingine za aina yake huwinda hospitali na mabenki. Hii huwawinda watu wa kawaida, na chambo chake kikuu ni programu zilizovunjwa kufuli na vijiprogramu vya kuvunjia kufuli.

Aliporudi, kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina, na hakuna lililofunguka. Katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza. Ilisema mafaili yote yamefungwa, funguo zinauzwa dola 980, na akiwasiliana nao ndani ya saa 72 atapewa kwa nusu, dola 490. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, nusu hiyo ni shilingi 63,210. Walikuwa tayari kumfungulia faili moja bure, ili aamini kwamba funguo wanazo.

Alfajiri akaanza kuandika upya wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi ya mkono iliyokuwa bado mezani. Akaandika ukurasa mzima, akauhifadhi, akaenda kuwasha printa. Aliporudi, faili jipya nalo lilikuwa na herufi zile nne. Hakuelewa. Programu ile huwa inajipangia kazi katika ratiba ya Windows ili ijiwashe tena kila baada ya dakika chache na kufunga chochote kilichoongezeka. Akiwa ameshika kichwa, mwalimu akaingia mbio, ana mtihani wa wanafunzi wake, akachomeka flashi kwenye kompyuta ile ile.

"Mwalimu, ngoja kwanza."

"Nina dakika tano, mwanangu. Nitolee nakala moja tu, nyingine nitapiga fotokopi shuleni."

Faili la kwanza lilifunguka, likaprintiwa. Kabla hajaichomoa flashi, mitihani na skimu za kazi zilizobaki zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Mwenye saiba alikuwa na diski ya nje ya kuwekea nakala za akiba, na alikuwa mwangalifu kuliko wengi kwa kuwa nayo. Kasoro ni kwamba ilikuwa imechomekwa usiku na mchana. Kwa programu ile, diski iliyochomekwa ni sehemu ya kompyuta, na yaliyokuwa ndani yake yalifungwa pamoja na mengine. Alipojaribu kufungua kurasa za msaada wa usalama, hazikufunguka, kwa kuwa STOP huandika katika faili la mfumo majina ya tovuti za namna hiyo ili kompyuta isiweze kuzifikia. Ilibidi atumie simu yake.

Kwa simu akasoma habari iliyompa tumaini, kisha ikamnyang'anya. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo mengi ya STOP. Lakini matoleo ya baada ya Agosti mwaka huo yaliboreshwa, na kwa hayo kila kitu hutegemea hali ya intaneti saa ile ya kufungwa. Kama kompyuta haikuweza kuifikia seva ya wahalifu, mafaili yamefungwa kwa funguo moja inayotumiwa kwa watu wengi, na ikipatikana inawafungulia wote. Kama iliifikia, kila mtu ana funguo yake, nayo iko mikononi mwa wahalifu peke yao. Saiba ile ilikuwa na intaneti nzuri. Fundi aliyempelekea mashine mjini Homa Bay aliokoa video moja ya harusi, kwa sababu programu ile, ili iwahi, hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa kila faili, na video kubwa inaweza kurekebishwa kichwa chake. Barua ya kurasa mbili haina kilobaiti 150. Picha ndogo ndogo za simu ya zamani pia hazina.

Familia ilimzika mama yao na kijitabu chenye picha moja, iliyotumwa na jamaa aliyekuwa nayo kwenye simu yake Nairobi. Mwana wa marehemu hakugomba. Alilipa nusu ya bei, akachukua vitabu, akaondoka. Mwenye saiba angependa kama angegomba.

Hasara hiyo ndiyo iliyoonekana, lakini haikuwa kubwa kuliko zote. Matoleo kadhaa ya STOP, kabla ya kufunga mafaili, huleta mgeni mwingine aliye kimya zaidi. Mmoja aliyetajwa na wachunguzi mwaka 2019 anaitwa Azorult, na kazi yake ni kukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuyapeleka kwa aliyemtuma. Sasa fikiria kivinjari cha saiba. Mkulima anakuja mara moja kwa mwaka kujaza ritani. Hakumbuki nenosiri, basi kijana wa saiba analihifadhi pale "ili mwakani tusihangaike." Mwanafunzi wa mkopo wa HELB naye vivyo hivyo. Mama wa cheti cha kuzaliwa, mwalimu wa TSC, mzee wa eCitizen, na juu ya yote baruapepe zao, ambazo ndizo hutumika kubadilishia maneno ya siri mengine yote. Miaka minne ya wema wa namna hiyo ilikuwa imekaa mahali pamoja.

Hili ndilo linalonifanya nisiweze kuiita hadithi hii ya mtu mmoja na kompyuta yake. Mtu akitia kijiprogramu kibaya katika kompyuta ya chumbani kwake, amejiumiza. Mwenye saiba anabonyeza Ndiyo kwa niaba ya watu wa Ndhiwa, Rongo na Rangwe ambao hata hawajui kwamba swali limeulizwa. Sheria ya Kenya imeliona hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kushika taarifa za watu, zikivamiwa na pakiwepo hatari ya kweli ya madhara kwao, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, na awaambie wenye taarifa hizo. Kanuni za 2021 zinamwondolea mfanyabiashara mdogo, mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, sharti la kujisajili katika ofisi ya Kamishna, isipokuwa kwa kazi chache zilizotajwa. Wengi wakisikia hivyo hudhani sheria nzima haiwahusu. Kutojisajili hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda alichopewa.

Wapo watakaosema dawa ni moja, pakua kwa mtengenezaji halisi basi. Ni ushauri mzuri, na mtu wetu angeufuata asingefikwa na haya. Hata hivyo hautoshi. Tarehe 15 Agosti 2017 ilitoka CCleaner 5.33, toleo la kijiprogramu mashuhuri kuliko vyote vya kusafisha kompyuta, kwenye tovuti yake halisi, likiwa na saini halisi ya kidijitali ya mtengenezaji. Wahalifu walikuwa wameingia kiwandani na kulitia sumu kabla halijatiwa saini. Kwa takriban mwezi mmoja likapakuliwa, na kompyuta zipatazo milioni 2.27 zikalipokea kabla wachunguzi hawajagundua, Septemba mwaka huo. Wahalifu wale walikuwa wakitafuta kompyuta chache za makampuni makubwa ya teknolojia, wengine wote walikuwa njia tu ya kupitia. Kila kijiprogramu unachokiongeza ni mtengenezaji mwingine unayelazimika kumwamini leo, na kesho, na kila atakaposasisha. Kabla ya kuongeza, kuna haja ya kuuliza kama kazi hiyo kompyuta haiifanyi tayari.

Na mara nyingi huwa inaifanya. Programu zinazojiwasha bila kuombwa Windows inazionyesha katika Task Manager tangu toleo la 8, na unaweza kuzizima hapo hapo. Kufuta mafaili ya muda kumo ndani ya mipangilio ya Windows 10. Tangu mwisho wa 2017 Windows 10 ina kinga ya folda, ambayo ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha nyaraka zako mpaka uiruhusu. Ilikuwemo katika kompyuta zote tano za Rodi Kopany, imezimwa, kwa kuwa ndivyo inavyokuja. Kutengeneza akaunti ya pili isiyo ya msimamizi, ya wateja na ya kazi za kila siku, ni shughuli ya dakika chache isiyolipiwa. Katika akaunti hiyo, kubonyeza Ndiyo hakutoshi, mashine inadai nenosiri la msimamizi, na ule muda wa kulitafuta humpa mtu nafasi ya kusoma alichoulizwa. STOP ingeweza bado kujaribu kufunga mafaili ya akaunti hiyo, maana si kila madhara yanahitaji mamlaka makubwa, ila isingeweza kuzima ulinzi wala kufika kwenye mafaili ya akaunti nyingine. Diski ya akiba nayo ingechomekwa jioni, ikachukua nakala, ikachomolewa, ikafungiwa droo.

Tena, msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mtumba hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Kipindi cha namna hii ndicho wauza vijiprogramu hukingojea: vya kulazimisha Windows 11 ikubali mashine ya zamani, vya "kuilinda" Windows 10 milele, vya kuamsha leseni. Vitakuja kwa wingi katika saiba zetu, na vitakuja kwa njia ile ile, faili dogo, nenosiri pembeni, agizo la kuzima ulinzi kwanza.

Mtu wetu hakulipa zile dola. Aliondoa diski zote tano, akafuta, akasakinisha upya mashine moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na akaunti mbili. AutoHotkey na PowerToys alizirudisha kutoka kwa watengenezaji wake. Ya kupamba hakuirudisha hata moja. Alimnunulia mwalimu flashi mpya, mitihani hakuweza kumnunulia.

Kisha akachukua daftari la wateja, akapiga simu akianza na wale waliokuwa na baruapepe zilizofunguliwa dukani kwake. Wengine hawakupokea. Mkulima mmoja wa Ndhiwa alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Kwa hivyo mwanangu, nifanye nini sasa?" Akamwambia aje na simu yake siku hiyo hiyo, wabadilishe nenosiri la baruapepe kwanza, halafu iTax, halafu eCitizen, na kwamba safari hii mzee ataliandika mwenyewe, kwa karatasi atakayokwenda nayo nyumbani. Mzee akasema atapanda boda boda saa nane. Akafunga simu, akatafuta jina lililofuata.